Nyeupe ya Tausi, Nyeupe ya Mbawala

Mbebe, Ileje
9 Desemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, ukiwa juu ya ngazi yako kama kawaida. Huku hatujambo. Baba anakohoa lakini anakataa kwamba anakohoa. Mama anashukuru sana kwa kitenge ulichomtumia, ingawa amekifungia sandukuni na hajakivaa hata siku moja. Lusungu ameota ndevu tatu na anazihesabu kila asubuhi kama vifaranga.

Mtihani wa kidato cha nne tumemaliza, nimerudi nyumbani na sanduku langu la bati. Nasaidia kupalilia mahindi.

Sasa jambo lenyewe. Naandika kwa sababu kwenye simu maneno yananiishia. Siku ile ulipopiga nilisema "ndiyo" tu mpaka ukadhani mtandao umekwama. Mwalimu Tabita wa shule ya Jumapili ameniomba nichore kundi la kondoo kwenye ukuta wa darasa la watoto. Nilitaka kukataa, nikainamisha kichwa, akadhani nimekubali.

Nina akiba ya kununua rangi za akriliki za chapa moja tu. Dukani Itumba zipo Tausi na Mbawala. Wewe umechora mabango Tunduma zaidi ya miaka ishirini. Naomba uniambie chapa bora ni ipi, na kwa nini, na kama ni vibaya kuchanganya chapa mbili kwenye picha moja, na kama nyeupe inunuliwe kubwa kuliko nyingine kwa sababu ya kondoo.

Samahani kwa maswali mengi.

Mwanao,
Tukuswiga


Tunduma
22 Desemba 2024

Marahaba, Mama.

Ulipewa jina la mama yangu, kwa hiyo nitakuita Mama mpaka uchoke au uzeeke, lolote litakalotangulia. Mimi mzima. Mgongo unalia kidogo lakini nimeuzoea kama jirani. Mwambie mdogo wangu Andongwisye kwamba kikohozi chake nakisikia mpaka huku, na mama yako mwambie kitenge kikiliwa na panya nitakuja kuwadai panya.

Kondoo! Wa mwisho niliyemwona huko Mbebe alikuwa na rangi ya matope kuanzia kwato mpaka masikio. Ungechukua udongo wa mlangoni kwenu ukamaliza kazi bure. Lakini najua, kondoo wa Jumapili huoga Jumamosi.

Umeuliza chapa bora. Mama, chapa ya rangi ni kama timu ya mpira. Mtu haipendi kwa sababu ni bora, anaipenda kwanza ndipo atafute sababu. Mimi ni mtu wa Tausi tangu bango langu la kwanza, la fundi cherehani pale Mlowo. Ila mwaka huu Tausi wamenivunja moyo. Nyeupe yao imekuwa na umanjano, kama meno ya mvuta kiko. Nikahamia Mbawala, wanaileta kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka, nayo vilevile. Nadhani wenye viwanda walikaa kikao kimoja.

Kwa hiyo sitakujibu, nitakufundisha. Yesaya dereva anakuletea chupa tatu za dawa ya kikohozi. Baba yako asizinywe. Ndani mna akriliki nyeupe. Nimezifunga uzi: mwekundu, mweusi na wa kijani. Chapa sikuandika makusudi, maana watu husoma kibandiko wakadhani wametazama rangi. Paka kila moja kwenye karatasi, kwenye ubao na kwenye ukuta unaopigwa jua. Uache majuma mawili. Kisha uniambie ipi ina umanjano mwingi na ipi kidogo. Unipakie na viraka chini ya barua yako. Picha za simu usitume. Simu inadanganya rangi kuliko muuza vitenge.

Noeli njema. Kuku wa sikukuu msimwachie Lusungu peke yake.

Shangazi yako,
Nesta


Mbebe
19 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumeingia mwaka mpya salama. Barua imechelewa kwa sababu gari la Yesaya lilizama kwenye tope siku mbili, abiria wakalisukuma, naye akawatoza nauli kamili. Baba sasa amekubali kwamba anakohoa. Alizinusa chupa zako akasikitika.

Nimefanya kama ulivyoelekeza, na nimeongeza ubao wa pili niliouweka kivulini ili nilinganishe.

Uzi mwekundu na uzi wa kijani ni mapacha. Nimevitazama viraka vyao asubuhi, adhuhuri na jioni, sikupata tofauti. Uzi mweusi ni mzito zaidi, unafunika ubao kwa mkono mmoja, yaani ukipakwa mara moja tu, wakati wale wawili wanataka mkono wa pili. Ukikauka ni laini, na mvua ya Jumatano haikuutoa hata kidogo.

Umanjano sikuuona, Shangazi. Nilidhani nimekosea, nikaviweka karibu na kitambaa cha meza ya Bwana, halafu karibu na unga wa sembe. Mwalimu Tabita alinikuta nimeshika unga mkono mmoja na ubao mkono wa pili, akarudi alikotoka. Zote tatu ni nyeupe. Lusungu ameapa ni nyeupe. Mama alisema hana muda wa mambo haya, lakini ni nyeupe.

Labda bado sijui kutazama. Naomba unielekeze umanjano uko upande gani wa kiraka, katikati au pembeni, ili nijifunze. Viraka vyako ni hivi hapa chini.

Kondoo sijaanza. Nasubiri jibu lako.

Mwanao,
Tukuswiga


Tunduma
16 Februari 2025

Mama yangu mwenye macho ya kisomi,

Marahaba. Nashukuru kwa viraka. Nimevibandika ukutani na kila anayeingia namwambia hii ni kazi ya mtaalamu kutoka Ileje aliyepima rangi kwa unga wa ugali.

Umanjano uko upande gani? Uko kote, mwanangu! Hata ukutani kwangu nauona sasa ninavyoandika. Vijana wa siku hizi mmekulia kwenye simu, mnaona kila kitu kinang'aa.

Ngoja nikuchekeshe. Unamkumbuka Othmani muuza maziwa, jirani yangu? Mfungo wa Ramadhani unakaribia, akataka bango jipya kwa ajili ya futari: ng'ombe na glasi ya maziwa. Nikachora. Ng'ombe alitoka na sura kama ya mjumbe wa mtaa, mpole lakini ana neno. Othmani akaja, akasimama, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia.

"Fundi Nesta," akasema, "hili bango ni langu au la mtu wa sabuni?"

"Lako. Ng'ombe humwoni?"

"Ng'ombe nimemwona, Mungu ambariki. Nauliza maziwa. Mbona ya bluu?"

"Nyeupe hiyo, Othmani. Nyeupe safi, hujawahi kuiona ndiyo maana."

Akamwita mkewe Siti. Siti akafuta mikono, akatazama. "Dada Nesta," akasema, "haya maziwa yamefuliwa."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka, lakini bango sikubadilisha. Mtu na mkewe watakosaje kusema kitu kimoja, wanakula sahani moja. Mimi najua nilichofanya. Nyeupe ikiwa na umanjano naitia tone la bluu, basi, kama tunavyotia bluu kwenye maji ya kusuuza mashati ya shule. Dawa ni ileile. Nimekupakia kiraka cha nyeupe yangu niliyoitibu, kiko hapa chini. Kitazame ujue nyeupe ni nini.

Jambo lingine. Matokeo yametoka tangu Januari. Hata kuku wa Tunduma wanajua. Wewe unasemaje?

Shangazi yako,
Nesta


Mbebe
2 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Maharage yamechanua. Lusungu amenyoa ndevu zake na sasa anajuta.

Nimekiona kiraka chako. Kimepakwa vizuri, kingo zimenyooka. Labda barua ilipata unyevu njiani kwa Yesaya, sijui.

Nilitaka kukuuliza kitu kidogo. Karatasi hii ninayoandikia unaionaje? Na gauni lako jeupe la kwaya, bado ni jeupe?

Kondoo bado.

Mwanao,
Tukuswiga


Tunduma
30 Machi 2025

Mama,

Marahaba. Barua yako fupi kama risiti. Nimeigeuza nyuma nikitafuta matokeo, nikakuta mistari ya daftari tu.

Karatasi yako ni ya manjano. Ni daftari la bei rahisi, mwambie baba yako aache ubahili. Gauni la kwaya nimelipumzisha, linahitaji kuchemshwa. Na usiniulize mambo ya karatasi wakati mimi nimekuuliza mambo ya mtihani.

Huku wanajiandaa kwa Idi. Siti amenipa maandazi, nimekula mengi kuliko waliofunga. Kazi nimeipunguza kidogo maana ngazi imevunjika. Na herufi zangu zimekuwa kubwa leo kwa sababu kalamu hii ni nene.

Matokeo, Mama.

Nesta


Mbebe
13 Aprili 2025
Jumapili ya Matawi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Barua hii nimeiandika mara nne, na hii ndiyo ya nne.

Matokeo yangu ni daraja la nne. Hisabati nimepata F. Baba na Mama wanajua. Wengine wakiniuliza nasema yamechelewa, kana kwamba nayo yanasafiri na gari la Yesaya. Sikutaka ujue wewe hasa, kwa sababu unawaambia watu mimi ni mtaalamu.

Hayo ni yangu. Sasa naomba niseme yako.

Karatasi hii ni nyeupe. Si ya bei rahisi, ni ya ripoti, alinipa Mwalimu Tabita, na ndiyo hiyohiyo niliyoandikia barua iliyopita. Kiraka chako cha mwezi wa pili kilikuwa cha bluu kama anga baada ya mvua. Hakikupata unyevu. Nilisema unyevu kwa sababu niliogopa. Nimewaonyesha watu sita bila kuwaambia ni cha nani, na wote sita wakasema bluu. Othmani na Siti hawakusema kitu kimoja kwa sababu wanakula sahani moja. Walisema kwa sababu maziwa ni ya bluu.

Tausi hawajaharibu rangi. Mbawala hawajaharibu. Kilichobadilika kiko kati ya rangi na wewe, Shangazi, nacho ni jicho.

Nilimuuliza Baba kuhusu macho ya Bibi. Alisema Bibi alianza kwa kulalamika kwamba moshi wa jikoni umezidi, kila siku anafungua dirisha. Alikataa hospitali, akasema ni uzee. Baba alisema mwishoni ulikuwa unamwongoza kwa fimbo mpaka kanisani, wewe mbele yeye nyuma, na ulikuwa na umri kama wangu. Halafu Baba akaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Unaniita Mama. Basi Mama anasema: nenda ukapimwe macho.

Nimeyaandika hayo kwa wino. Nisamehe, lakini siyafuti.

Mwanao,
Tukuswiga


Tunduma
1 Juni 2025

Mama,

Marahaba. Nilikasirika. Barua yako niliiweka chini ya godoro siku kumi na mbili, nikawa nailalia. Nilimwambia Siti, "Katoto kametoka shule juzi, F ya hisabati, sasa kananipima macho!" Siti akauliza, "Kamekosea?" Nikamwambia anipe maziwa yangu niondoke.

Siku ya kumi na tatu nilipanda basi la Mbeya.

Kliniki nilimkuta daktari, binti mdogo kuliko koti lake. Akanimulika, akanimulika tena. "Mama, una mtoto wa jicho, macho yote mawili. Umekuwa ukionaje?" Nikamwambia vizuri tu, shida ni viwanda vya rangi. Alicheka mpaka akaomba radhi. Jicho la kushoto wamelifanyia tayari. Haikuuma. Kilichouma ni kumsubiri muuguzi afungue bandeji, kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia nitaona giza.

Sikiliza maajabu. Nikifumba jicho la kulia, ukuta wangu ni mweupe mpaka nataka kuvua viatu. Nikifumba la kushoto, ukuta uleule ni chai ya maziwa. Nina nyeupe mbili kutoka kopo moja! Kutwa nzima nimekuwa nikifumba hili na kufumbua lile, majirani wanadhani nawakonyeza.

Nilikwenda kwa Othmani kutazama bango. Mama, ni bluu! Bluu kabisa, ya mashati. Nilikaa chini barabarani nikacheka, Siti akaniletea kiti. Nikasema nilirekebishe, Othmani akakataa. Anasema Wazambia wanavuka mpaka wakiulizia "yale maziwa ya bluu," na wakishafika wananunua.

Sasa na mimi niseme yangu, maana wewe umesema yako.

Zile chupa tatu sikuzituma kukufundisha. Niliona macho yanabadilika tangu mwaka juzi. Wakati mwingine asubuhi nilifungua dirisha, halafu nikakumbuka kwamba mimi napikia gesi, moshi sina. Nikakumbuka ile fimbo, nikafunga dirisha na sikumwambia mtu. Ulipoandika kuuliza chapa, nikapata ujanja: nikuazime macho bila wewe kujua. Uzi mwekundu na wa kijani zilikuwa Tausi, chupa moja niliyoigawa mara mbili. Mweusi ni Mbawala. Uliposema ule mwekundu na wa kijani ni mapacha, nilijua unaona sawasawa. Na kama wewe unaona sawasawa na hakuna umanjano, jibu nilikuwa nalo tangu Januari. Nikachagua kukutania badala ya kukuamini. Ngazi nayo haikuvunjika. Niliogopa kuipanda.

Kwa hiyo usinishukuru kwa mafunzo. Uliyefanya kazi ni wewe.

Daraja la nne si kipele, usilifiche. Mimi niliishia darasa la saba na bado nasahihisha tahajia za mameneja.

Jicho la kulia ni Julai, na daktari amenikataza ngazi mpaka Agosti. Siti anafungua darasa la chekechea nyuma ya kibanda cha maziwa. Ana ukuta mrefu, hatua kumi na nane nimezipima mwenyewe, na anataka wanyama. Nimemwambia nina fundi. Njoo uchore. Mimi nitakaa kwenye kiti chini nikusumbue. Rangi ununue wewe, chapa uchague wewe, na usiniulize.

Shangazi yako,
Nesta


Mbebe
8 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea shambani, halafu nikamsomea Baba. Alikwenda tena kuangalia ng'ombe, akakaa huko muda mrefu, akarudi anapiga mluzi. Mama amekitoa kitenge sandukuni, anasema atakivaa siku ya jicho la pili.

Kondoo nimewamaliza wiki hii. Wako kumi na tatu. Mmoja nimemkosea, ana miguu mitatu, na watoto wote wanataka kukaa karibu na huyo.

Kwa ukuta wa Siti nimechagua Mbawala. Najua wewe ni mtu wa Tausi, na najua utanitania mpaka Agosti. Lakini inafunika kwa mkono mmoja, na hatua kumi na nane ni nyingi. Nyeupe nimechukua makopo mawili makubwa. Bluu moja, dogo.

Nafika Jumatano na gari la Yesaya. Usije stendi, vumbi si zuri kwa jicho lako. Nitauliza njia.

Mwanao,
Tukuswiga